Nyumba Pamoja na Mama

Siku Mzee Niyibizi alipokuja kuikagua nyumba ya marehemu Dadi, aliizunguka mara mbili, akaigonga ubavuni kwa fimbo, akainama kuchungulia msingi kama mtu anayetazama kwato. Halafu akasimama mbele ya Badru, mwana wa marehemu, akamuuliza ina umri gani na kama imewahi kuugua.

"Hii ni nyumba, mzee," Badru akasema.

"Naiona. Ina umri gani?"

Badru akapiga hesabu. Baba yake alihamia humo mwaka aliozaliwa dada yake Shadia, kwa hiyo miaka ishirini na tisa. Mzee akatikisa kichwa taratibu. Kwa umri huo, ingekuwa ya kwake, angeshachinja.

Niyibizi alikuwa mnadi wa ng'ombe. Sauti yake ilijulikana kuanzia Titye mpaka Kagerankanda, na katika maisha yake yote hakuwahi kuuza kitu kisichokuwa na miguu. Madalali wa nyumba walikuwepo Kasulu mjini, tena wana suruali zilizonyooshwa kwa pasi, lakini Badru hakuwataka. Dalali anauza chumbani, na kitu kikiuzwa chumbani ndugu wanasema kina bei mbili, ya kusemwa na ya mfukoni. Shamsi, mdogo wake wa Dar es Salaam, alishatuma ujumbe kuuliza kwa nini hati ya nyumba imekaa kwa Badru. Shemeji yake Abbasi, mume wa Shadia, alishasema kule Kibondo, mbele za watu, kwamba yeye hamshuku mtu ila anajua watu. Badru aliumia. Yeye ni mtoto wa kwanza, anauza simenti na misumari pale sokoni, anaswali safu ya mbele. Ndipo akasema basi, nyumba iuzwe mnadani, juani, kila mtu asikie kwa masikio yake.

Mzee Niyibizi akakubali, ila kwa masharti yake. Kwanza, muuzaji ataje kasoro zote za mali mbele ya wanunuzi, kabla ya bei, ili mtu asije kurudisha mnyama Jumanne anadai hakuambiwa kuwa anapiga teke. Halafu mali haihesabiwi imeuzwa mpaka muuzaji mwenyewe, kwa mkono wake, ashike kamba aiweke kwenye mkono wa mnunuzi.

"Hela haiuzi," alisema. "Kamba ndiyo inauza. Nimeona watu wamehesabu hela mpaka mwisho, kamba ikawashinda kuachia."

"Nyumba haina kamba, mzee."

"Siku hiyo tutapata cha kukabidhi."

Akafungua kopo lake la rangi nyekundu, akachovya brashi, na kabla Badru hajauliza lolote akapiga mistari miwili iliyokatana kwenye ukuta wa mbele. Ilikuwa ndiyo alama yake, ile ile anayoweka mgongoni mwa kila ng'ombe aliyeandikishwa mnadani. Badru aliiona, lakini wakati huo alikuwa anawaza milioni kumi na tano.

*

Ndani, Bi Mwajabu alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Badru akakaa kwenye kigoda, akaanza kumweleza mama yake tena, kwa sauti ile anayotumia kwa wateja wanaotaka kukopa. Sheikh ameshapiga hesabu ya mirathi. Watoto wana mafungu yao, na yeye mama ana thumni yake, fungu moja kati ya nane, haki yake kabisa, hakuna wa kumdhulumu. Atahamia kwa Badru, kile chumba cha uani. Kwa sasa kina mifuko ya simenti, lakini simenti inauzika.

Bi Mwajabu akatoa jiwe kwenye maharage.

"Thumni ya vyumba vinne ni ngapi?"

"Nusu chumba, mama. Lakini hatukati—"

"Nusu ya mlangoni au ya dirishani?"

Badru akasema haikatwi hivyo, inakuwa hela.

"Mimi nauliza kitanda. Kitanda cha baba yako ni kirefu. Nikikiingiza kwenye hiyo nusu, miguu yangu italala kwa nani? Kwa Shamsi?"

Badru akaeleza upya, safari hii na vidole. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akapepeta ungo, akasema haya, yeye hana neno. Badru akatoka pale mwepesi kama karatasi, akawapigia ndugu zake kuwaambia mama hana neno. Mtu pekee aliyekaa na Bi Mwajabu miaka thelathini angeweza kumwambia kwamba mama yake akisema hana neno, ujue ndiyo kwanza anaenda kulitafuta. Ila mtu huyo alikuwa marehemu Dadi.

*

Kesho yake asubuhi mteja wa kwanza dukani hakuuliza bei ya misumari. Alimpa Badru mkono akasema pole. Badru akajibu ahsante, akidhani ni ya msiba, ingawa msiba ulishapita miezi minane. Wa pili akasema pole kwa barabara. Wa tatu akauliza wamewaahidi fidia kiasi gani.

Mwaka ule mji mzima ulikuwa unazungumza habari ya lami, itapita wapi na itamla nani. Hakukuwa na mtu Kasulu asiyejua maana ya alama nyekundu ya X kwenye ukuta wa nyumba. Hakukuwa na mtu, isipokuwa Mzee Niyibizi, ambaye alikuwa akipiga alama hiyo kabla lami haijafikiriwa, na Badru, ambaye macho yake yalikuwa kwenye milioni.

Kufika saa sita barabara ilishapita sebuleni kwao. Kufika alasiri imekula na choo. Muuza mafuta wa kule sokoni, aliyekuwa ameapa kufika milioni kumi na nne, akatuma salamu kwamba yeye hawezi kununua nyumba akalishe greda. Badru akafunga duka, akachukua petroli na dodoki, akaenda kusugua ukuta. Rangi ya ng'ombe imetengenezwa ikae na mvua ya masika yote. Alivyozidi kusugua ndivyo ilivyozidi kutanuka, ikawa nyekundu ya kufifia yenye ukubwa wa mlango.

Bi Mwajabu akatoka kibarazani, akaangalia.

"Umeikuza," akasema, akarudi ndani.

*

Jumamosi saa nne watu walijaa uani, lakini walikuwa watu wa kutazama. Wanunuzi walikuwa watatu tu. Alikuwepo mwalimu mstaafu mwenye mwavuli, alikuwepo mchuuzi mmoja wa dagaa, na alikuwepo bwana mnene mwenye kofia ya pama aliyeteremka kwenye gari la maharage. Huyo aliitwa Ndayisenga. Alizaliwa upande wa Burundi, akakulia kambini, sasa ni raia mwenye karatasi zake, ananunua maharage Busunzu na kuyauza Kasulu. Habari za barabara hakuzisikia kwa sababu alikuwa njiani.

Shadia na Abbasi walikuwa wamefika kutoka Kibondo tangu jana yake. Shadia alikuwa amelia kidogo alipouona ukuta, halafu akauliza kama vigae vya sebuleni vinauzwa pamoja. Shamsi alikuwepo kwa simu. Shadia alikuwa ameishika mbele yake kwa spika kubwa kama mtu aliyebeba sinia, na kila baada ya muda simu ilisema, "Wamefika ngapi?" na Abbasi akaiambia itulie.

Mzee Niyibizi akapanda juu ya kinu kilichogeuzwa, akainua fimbo.

"Haya. Mali ni hii hapa, jike, miaka ishirini na tisa, imezaa watoto watatu. Muuzaji, taja kasoro."

Watu wakacheka. Badru hakucheka, alikuwa amejiandaa. Akasema nyumba haina kasoro kubwa ila bati moja linavuja kidogo, na kwamba ile alama si ya barabara. Aliposema si ya barabara, watu wakatazamana, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyosema wenye nyumba za barabara.

"Bati moja?" Sauti ilitoka mlangoni. Bi Mwajabu alikuwa amevaa kanga mpya na miwani ya marehemu. "Mzee, masharti ni kusema zote, si ndiyo?"

"Ego, mama, ndiyo. Zote."

Bi Mwajabu akateremka kibarazani, akaanza. Mabati yanavuja matatu, na moja linavuja hata pasipo na mvua, hawajui maji yanatoka wapi. Mlango wa uani haufungi tangu Badru alipoupiga teke akiwa darasa la sita, alipofeli hesabu.

"Sikufeli," Badru akasema. "Nilikuwa wa thelathini na nane."

"Mlikuwa wangapi?"

Badru akautazama mlango. Mchuuzi wa dagaa akasema mlango si tatizo, yeye anatoa milioni nane. Mzee akapaza sauti, nane, nane ya kwanza. Lakini Bi Mwajabu hakuwa amemaliza. Akawaonyesha ufa wa chumba cha kati. Ufa ule ulianza siku Shadia alipotolewa mahari, maana wajomba wa Abbasi waliegemea ukuta wote kwa pamoja wakisubiri wali, na wali ulichelewa. Abbasi akasema wajomba zake si wanene hivyo. Shadia akamwambia mumewe kwamba ni wanene. Kisha Bi Mwajabu akawaonyesha dirisha la Shamsi, ambalo nondo yake moja inachomoka, na ndipo Shamsi alikuwa akitokea usiku kwenda kuangalia mikanda ya video, na marehemu alijua, akawa anaipaka nondo mafuta isimchane mtoto.

 Simu ikasema taratibu, "Baba alijua?"

"Alijua," mama akaijibu simu.

Mwalimu mstaafu akafunga mwavuli akaufungua tena. Akasema kwa kasoro hizo yeye anatoa milioni kumi, ila ndiyo mwisho. Ndayisenga, aliyekuwa akitafuna kijiti, akasema kumi na mbili.  Badru moyo ukaanza kumrudi. Kumi na mbili haikuwa kumi na tano, lakini kwa nyumba ambayo mji mzima unaamini itakanyagwa na greda, ilikuwa neema.

"Kumi na mbili ya kwanza," Mzee akapaza. "Mama, kuna kasoro nyingine?"

"Imebaki moja, ila ndiyo kubwa."

"Itaje."

"Mimi."

 Bi Mwajabu akakaa kwenye ngazi ya mlango, akavuta kanga yake vizuri. Akasema yeye yumo ndani na hatoki. Watoto wauze, ni haki yao, hana neno. Lakini sheikh mwenyewe amesema thumni ni yake, na yeye hataki hela, anataka thumni ikae pale ilipo. Kwa hiyo atakayenunua nyumba ajue anainunua na yeye akiwa ndani, asije akarudi Jumanne kudai hakuambiwa.

Badru akamsogelea mama yake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anawaaibisha. Mama akasema kwa sauti ya juu kwamba ametaja kasoro tu kama alivyoulizwa. Wote wakamgeukia Mzee Niyibizi, na Mzee, juu ya kinu, akafikiri kwa muda mrefu. Kwa ng'ombe jambo hili lipo, akasema. Ng'ombe mwenye ndama anayenyonya anauzwa na ndama wake, hutenganishi. Akainua fimbo.

"Mali inauzwa pamoja na mama. Kumi na mbili imekufa, tunaanza upya. Mwalimu?"

Mwalimu akamtazama Bi Mwajabu toka juu mpaka chini, na ukweli yeye hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa hesabu. Akasema bila bibi alitoa kumi. Pamoja na bibi, kwa kuwa kuna chakula, kuna dawa, kuna na mambo ya uzee, anatoa tisa.

Pale ndipo Badru alipohisi kitu kimemchoma, na hakujua ni wapi. Bei ya nyumba ingeshuka asingeumia hivyo. Alitaka kumwambia mwalimu kwamba mama yake hali sana. Alitaka kusema chai anakunywa bila sukari. Halafu akasikia anachotaka kusema, akafunga mdomo.

Bwana Ndayisenga alikuwa ametoa kijiti mdomoni.

"Mama," akauliza, "kuongea unaongea?"

"Umenisikia."

"Watoto unawagombeza?"

"Hao watatu unaowaona, na mmoja yumo ndani ya simu, hawakujigombeza wenyewe." Alikuwa amemhesabu na Abbasi.

Ndayisenga akacheka, tumbo likacheka naye. Akawageukia watu akaeleza, si kwa huzuni, kama mtu anayeeleza habari za biashara. Wanawe watano na mkewe Vestina wanaishi kwenye nyumba nzuri ya kupanga. Watoto hawana bibi, si upande wa baba wala upande wa mama, mabibi wote wawili walibaki njiani ule mwaka wa kukimbia. Watoto wakikosea hawana pa kukimbilia, wakideka hawana wa kuwakatalia. Yeye nyumba za kununua ameziona nyingi. Nyumba yenye bibi ndani hajawahi kuona ikitangazwa.

"Bila mama nilisema kumi na mbili," akasema. "Pamoja na mama, kumi na tatu na nusu."

"Kumi na tatu na nusu ya kwanza," Mzee akaimba.

Simu ikapiga kelele mkononi mwa Shadia. Shamsi alitaka kujua kama amesikia vizuri, ni mama anauzwa? Shadia akasema si hivyo, ni nyumba, ila mama yumo. Simu ikafikiri.

"Sasa hiyo milioni moja na nusu ya mama," ikauliza, "inagawanywaje? Inaingia kwenye mirathi?"

Shadia akaitazama simu, akaizima. Abbasi akafungua mdomo kusema swali hilo lina msingi, akaona uso wa mkewe, akaufunga.

"Ya pili. Ya tatu." Fimbo ikagonga kinu. "Imefika. Muuzaji, njoo ukabidhi."

Badru akasogea na funguo. Zilikuwa nne kwenye waya mmoja, zimelowa jasho kiganjani. Mzee Niyibizi akazitazama akatikisa kichwa.

"Funguo ni za mlango. Ng'ombe mwenye ndama, mnunuzi anashikishwa ndama, mama yake atafuata mwenyewe. Hapa naona ni kinyume, nyumba ndiyo itamfuata mama. Mshike mkono mama yako, umweke mkononi mwa bwana."

Wanaojua mnada wa ng'ombe walisema baadaye kwamba Mzee hakuwa anafanya mzaha hata kidogo. Ndivyo ilivyokuwa taratibu yake. Bi Mwajabu naye hakuleta mzaha. Alisimama, akapangusa mkono kwenye kanga, akaunyoosha kwa mwanawe. Bwana Ndayisenga akavua kofia, akanyoosha wa kwake. Kati ya mikono ile miwili palikuwa na hatua tatu.

Badru akaushika mkono wa mama yake. Ulikuwa mkavu, una mikwaruzo ya maharage na alama ya kuungua ya tangu zamani, pale kwenye kidole gumba, na yeye alijua aliungua siku gani na uji ulikuwa wa nani. Akapiga hatua moja. Watu walikuwa wanatazama, na safu nzima ya mbele ya msikiti ilikuwepo. Akapiga ya pili. Ya tatu mguu ukakataa.

"Mzee," akasema, na sauti ikamtoka kama ya mtoto wa darasa la sita, "mnyama akirudishwa nyumbani inakuwaje?"

"Kuna ada ya kumrudisha. Elfu thelathini."

Badru akamwachia mama mkono ili atoe pochi. Ilikuwa na elfu ishirini na mbili. Akamwomba Abbasi elfu nane, na Abbasi, mbele ya watu wote wa Kasulu na mkewe, akatoa.

*

Bwana Ndayisenga hakukasirika. Aliomba maji, akanywa, akauliza kama vyumba viwili vya mbele vinapangishwa, maana stoo ya maharage bado anaitaka, na Vestina angeweza kupita na watoto siku za mnada. Bi Mwajabu akasema hilo wazungumze na wenye mafungu, yeye ana nusu chumba tu. Wenye mafungu wakazungumza mpaka magharibi. Kodi itagawanywa kwa wote, na Shamsi alipowashiwa simu na kuelezwa, aliuliza mara mbili tu. Swali la pili lilikuwa la ile nondo, kama bado inachomoka.

Jumapili Badru alifika na ndoo ya rangi nyeupe, brashi na ngazi. Alama ilikataa kufunikwa kwa mkono mmoja wa rangi, ikakataa na wa pili, kwa hiyo ikabidi apake ukuta mzima wa mbele. Na kwa kuwa ukuta wa mbele ulikuwa mweupe, wa pembeni ukaonekana mchafu. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda akimwonyesha alipoparuka. Wapita njia walisimama kuuliza barabara inakuja lini, naye akawajibu imeghairi.

"Mama," Badru akasema juu ya ngazi, bila kugeuka, "jana ulijua kwamba sitaweza?"

Bi Mwajabu akavuta kigoda karibu na ngazi.

"Sikujua," akasema. "Nilikuwa nimeshafunga begi. Liko nyuma ya mlango."

Brashi ikasimama ukutani. Rangi ikamtiririkia Badru mkononi mpaka kwenye kiwiko, na hakuifuta.

"Paka, itakauka," mama akasema. Halafu, baada ya kutazama ukuta kidogo, "Milioni moja na nusu, Badru. Ndiyo bei yangu sokoni, umeisikia. Na wewe ulikuwa unanipeleka kwenye simenti bure."